Ukingo wa Mto si Shamba la Akiba

(Hotuba kwa wakulima wa mboga na wanachama wa jumuiya ya watumia maji, tarafa ya Mgeta, milima ya Uluguru)

Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu Mwenyekiti wa jumuiya, Afisa Mtendaji wa kata, wazee wa koo, akina mama ambao najua mmeacha karoti hazijapaliliwa ili mje hapa, na vijana mliosimama kule nyuma: asanteni kwa kunipa nafasi.

Mada niliyopewa ni ubora wa maji. Ni mada pana, na watu wa maabara na wa afya wana mengi ya kusema humo. Mimi ni mtu wa ugani, kwa hiyo nitakaa mahali pamoja tu: kwenye ule ukanda wa ardhi ulio kati ya tuta la mwisho la shamba lako na maji ya kijito. Kwa wengi wetu ukanda huo umekuwa shamba la akiba. Bei ya kabichi ikipanda, tunaufyeka. Kiangazi kikikaza, tunaushukia na jembe kwa kuwa bado una unyevu. Naomba leo tuutazame upya. Huo ni upande wa shamba unaofanya kazi usiku na mchana bila kulipwa kibarua, na kazi yenyewe ni kuzuia udongo wako, mbolea yako na dawa zako zisiingie mtoni.

Tuanze na mvua za kwanza za vuli. Zinatukuta tumeshalima, udongo uko wazi, matuta mengine yameelekea bondeni, na mbolea ya kupandia imeshatiwa. Matone yanaupiga udongo mtupu, yanauvunja, yanaziba vitundu vyake, na maji yasiyopata pa kuingia yanaanza kuteremka. Sote tunajua yanavyokuwa yakifika mtoni: mto uliokuwa unaonyesha mawe ya chini asubuhi, jioni ni wa kahawia, na anayeteka kitongoji cha chini anaacha ndoo usiku kucha ili tope litulie. Wengine huweka shabu. Tope linatulia, lakini vilivyoyeyuka ndani ya maji havitulii.

Maji yanayoteremka ni kama mpagazi. Akikimbia anaweza kubeba mzigo mzito. Ukimlazimisha atembee polepole, anautua kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya majani ya ukingoni. Mashina yaliyosongamana, majani makavu yaliyolala chini, vijiti na mizizi iliyojitokeza, vyote vinayapunguzia maji mwendo na kuyatawanya. Mchanga ndio unaotuliwa kwanza, mita chache tu baada ya maji kuingia kwenye nyasi. Udongo laini unafuata. Chembe za mfinyanzi ndizo za mwisho, maana ni ndogo mno na huweza kuelea safari ndefu. Hapa tuwe makini, kwa sababu fosforasi ya DAP, ile mbolea ya kupandia mnayoinunua kwa bei kubwa, hupenda kushikamana na chembe hizo hizo ndogo. Ukanda mwembamba sana utakamata mchanga, utaona maji yamepungua uzito, utafurahi, na kumbe fosforasi imepita. Kazi ya pili inafanyika wakati huo huo: udongo wenye mizizi na minyoo una matundu mengi, kwa hiyo sehemu ya maji hayo inazama ardhini badala ya kuendelea juu juu.

Sasa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu jambo linalofuata halionekani kwa macho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ikishaingia shambani, sehemu kubwa hugeuka naitreti, na naitreti haishikamani na udongo kama fosforasi. Inayeyuka na kushuka na maji hadi chini ya mizizi ya kabichi, kisha inasafiri kimya kimya chini ya ardhi kuelekea bondeni. Unaweza kuwa na shamba lenye makinga maji mazuri, lisilopoteza hata kijiko cha udongo, na bado naitreti ikawa inatoroka chini yake. Mtoni haiyabadilishi maji rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, na sababu yake kuu ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Naitreti nyingi huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni, na mtoto anageuka rangi ya bluu. Daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, aliieleza hali hiyo mwaka 1945 baada ya kuwaona watoto wa namna hiyo katika familia za wakulima wa jimbo la Iowa waliotumia maji ya visima.

Nini kinaikamata naitreti kule chini? Ni mizizi, na zaidi ni bakteria wanaoishi karibu na mizizi. Ukingoni mwa mto udongo huwa na maji mengi na hewa kidogo. Bakteria wa huko, wakikosa oksijeni ya hewani, huchukua ile iliyomo ndani ya naitreti. Wakishaichukua, naitrojeni inayobaki hupanda hewani ikiwa gesi, na sehemu kubwa yake ni gesi ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Ila bakteria hao wanahitaji chakula, na chakula chao ni majani yaliyooza na mizizi iliyokufa. Ukiufyeka ukingo na kuuchoma moto, umewanyima chakula. Udongo unyevu bado upo, lakini kazi imesimama.

Hili limepimwa. Mwaka 1984 watafiti wawili, William Peterjohn na David Correll, walichapisha vipimo vyao vya bonde dogo la Mto Rhode, jimbo la Maryland, Marekani. Juu kulikuwa na shamba la mahindi, chini kijito, na katikati msitu wa ukingoni ambamo maji yalipita umbali wa mita 50 hivi. Kwa mwaka mmoja, kila hekta ya msitu huo ilikamata tani 4.1 za udongo na vumbivumbi kutoka kwenye maji yaliyopita juu, na kilo 45 za naitrojeni ya naitreti kutoka kwenye maji yaliyopita chini ya ardhi. Tafadhali rudini kwenye ule mfuko wenye kilo 23 za naitrojeni. Kila hekta ya miti ya ukingoni ilizuia karibu mifuko miwili ya urea isifike kijitoni, kwa njia ambayo mwenye shamba asingeiona hata angekaa pale mwaka mzima.

Fosforasi ina tabia yake. Haigeuki gesi. Ikishikwa ukingoni inakaa pale, inarundikana mwaka baada ya mwaka, na ukanda ulioachwa bila kuvunwa unaweza kufika mahali ukaanza kuirudisha majini. Dawa yake ni kuvuna. Nyasi inakua kwa kuifyonza fosforasi hiyo. Ukikata nyasi na kuipeleka mbali na mto, umeitoa. Na hapa, ndugu zangu, Mgeta mna bahati ambayo mabonde mengi ya nchi hii hayana. Mna mbuzi wa maziwa. Tangu Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Norwe walipowaleta mbuzi wale mwishoni mwa miaka ya 1980, kaya nyingi za huku zimejifunza kuwafuga bandani na kuwakatia majani. Kila anayefuga anajua taabu ya malisho mwezi wa nane na wa tisa. Mabingobingo na majani ya Guatemala yaliyopandwa ukingoni, penye unyevu, yanabaki mabichi wakati mlimani kote kumekauka. Unamkatia mbuzi, mbuzi anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi juu shambani. Mbolea iliyokuwa imeshapotea imepandishwa tena mlima kwa kichwa, lakini imepandishwa.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Viuatilifu vingine hushikwa na majani na udongo wenye mboji, vikakaa hapo mpaka vivunjike. Miti na vichaka pia huzuia ule ukungu wa bomba la kupulizia dawa unaopeperushwa na upepo kuelekea majini. Lakini hakuna ukanda wa majani duniani utakaomsaidia mtu anayechanganyia dawa mtoni na kuoshea bomba lake mtoni. Ametia sumu upande wa pili wa ulinzi. Maji ya kuoshea bomba yamwagwe shambani, mbali na kijito, na chupa tupu zisiachwe kwenye majani ya ukingoni.

Nije kwenye sheria, maana najua ndiyo inayowakereketa wengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa shughuli za kudumu, au shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya ukingo. Sasa tupige hesabu. Ekari moja iliyopimwa mraba ina upande wa mita 64 hivi. Kwa mtu mwenye ekari moja iliyogusa kijito, mita 60 ni shamba lake karibu lote. Ukimwambia tu "ondoka", hujampa njia ya kuishi, na atarudi kulima usiku. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeitaka sheria hii iheshimiwe. Kwa ninavyoisoma mimi, kinachokatazwa ni kuharibu, na ukanda wa nyasi na miti unaokatwa bila kupigwa jembe hauharibu kitu. Huko ndiko mkulima mdogo na sheria wanakoweza kukutana.

Wazee hapa wanajua kwa nini nasisitiza. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru watu wa milima hii wachimbe matuta ya ngazi. Wakachimba kwa amri na kwa faini, na mahali pengi kazi ile ilifukua udongo wa chini usio na rutuba ikauweka juu. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakainuka, damu ikamwagika, mpango ukafa. Huku Mgeta kwenu, hata hivyo, matuta ya ngazi ya asili, yale ya kufukia magugu, yaliendelea kwa sababu yalikuwa yanamlisha aliyeyachimba. Ukanda wa mtoni nao usipomlisha mwenye shamba hautadumu, hata bwana mazingira apite kila wiki.

Basi uwe na upana gani? Nimeulizwa swali hili kila kijiji, na watu hutaka namba moja. Kule Iowa, kando ya kijito kiitwacho Bear Creek, watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo walipanda ukanda wa nyasi ndefu wenye upana wa mita 7 hivi na mwingine wa mita 16 hivi ulioongezewa vichaka na miti. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha ule wa nyasi peke yake ulizuia asilimia 95 ya udongo, lakini naitreti asilimia 62 tu. Ule mpana wenye miti ulizuia asilimia 97 ya udongo na asilimia 85 ya naitreti. Tazameni tofauti ilipo. Kwa udongo, nyasi nzuri inatosha kiasi kikubwa. Kwa vile vilivyoyeyuka, upana na mizizi mirefu ndivyo vinavyoamua.

Ila msizichukue namba hizo zikiwa nzima nzima. Ardhi ya Iowa ni ya mteremko mdogo. Ya kwetu mtu akiteleza anafika mtoni. Kwenye mteremko wetu mita 7 peke yake hazitoshi, na hata mita 30 zitashindwa kama shamba lote la juu liko wazi. Kwa hiyo ukanda wa mtoni uwe mstari wa mwisho, na juu yake kuwe na mistari mingine ya nyasi inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa, kila hatua kadhaa kulingana na ukali wa mlima. Maji yafike ukingoni yakiwa yameshachoka.

Na yafike yakiwa yametawanyika. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwa watu waliopanda vizuri. Mkulima ana ukanda mzuri wa mabingobingo, umesimama urefu wa mtu, lakini katikati yake umepita mfereji mmoja mwembamba, au njia ya kuteremkia kuteka maji, au korongo dogo lililoanza mwaka juzi. Mvua ikinyesha, maji ya shamba zima hukusanyika hapo na kupita kwa kasi. Majani ya kulia na ya kushoto hayajui hata kama mvua imenyesha. Tafadhali, kabla ya kuongeza upana mahali palipo pazuri, zibeni panapovuja. Korongo liwekewe vizuizi vya mawe na magogo, lipandwe nyasi tumboni mwake. Njia ya kwenda mtoni ipindishwe, isishuke moja kwa moja. Maji ya ziada ya mifereji yenu ya kumwagilia yamwagwe juu ya nyasi, yasirudishwe kijitoni kwa mkondo mmoja.

Jambo jingine la aina hiyo: tunaulinda mto mkubwa na kuvisahau vijito. Kiasi kikubwa cha tope na mbolea kinaingilia kwenye vijito vya juu, vile unavyoruka kwa hatua moja, ambavyo wengine hata jina havina. Kikishaingia huko, miti yote ya Mto Mgeta haiwezi kukitoa. Nikipewa miche 1,000 leo, mingi nitaipeleka huko juu.

Kuhusu nini kipandwe, nitasema ninachokiamini. Karibu kabisa na maji, miti yenye mizizi inayoshika ukingo: mikuyu, mizambarau, na mianzi mahali ambapo ukingo unamomonyoka. Kivuli chake pia kina faida yake, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Maji ya nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 hushika kama saba na nusu, na samaki na wadudu wa mtoni wanaitegemea oksijeni hiyo. Nyuma ya miti, migomba na miti ya matunda kwa wanaotaka, mradi chini yake pasipaliliwe pakawa peupe. Nyuma ya hapo, upande wa shamba, nyasi nene za kukata. Mikaratusi sipendekezi kabisa ukingoni: inakunywa maji mengi, na chini yake nyasi hazioti vizuri, kwa hiyo unapata miti mirefu juu ya udongo mtupu. Magimbi nayapenda mezani kwangu, lakini kila unapoyang'oa unaufumua ukingo, na mara nyingi msimu wa kuyang'oa unagongana na mvua. Yasogezwe nyuma.

Najua swali lililobaki: nani anagharamia? Mto Mgeta unashuka hadi Kisaki, unaingia Mto Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, baada ya kupanuliwa, imejengwa kutoa lita milioni 466 kwa siku kwa pamoja. Tope likiwa jingi, mitambo hutumia dawa zaidi, na klorini inapata kazi ngumu kwa kuwa vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo. Mtu wa Dar anayafaidi majani yako bila kukujua. Kwa hiyo si ombaomba kudai achangie. Wenzetu wa Kibungo Juu, upande wa pili wa milima hii, waliwahi kulipwa kwa kuhifadhi ardhi yao katika mpango ulioongozwa na mashirika ya CARE na WWF, na wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa mamlaka ya maji ya Dar na kampuni ya Coca-Cola. Kenya nao, mwaka 2015, walizindua mfuko wa maji wa Tana ya juu, ambao unawasaidia wakulima wa mlimani kupanda nyasi na kutengeneza matuta ili maji yanayokwenda Nairobi yawe safi. Jumuiya yenu ina haki ya kulipeleka jambo hili mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa barua yenye mihuri, ikieleza vijito vipi na urefu gani wa ukingo. Mimi nitasaidia kuiandika.

Kuna jambo moja ambalo serikali haiwezi kutufanyia, na nalisema kwa heshima mbele ya wazee wa koo. Vipande vingi vya mtoni vinakodishwa kwa msimu. Anayekodi kwa msimu mmoja hatapanda mkuyu. Atapanda nyanya mpaka kwenye maji, na mwakani hayupo. Nawaomba wazee mweke sharti katika kila makubaliano ya kukodisha: ukanda wa chini haumo katika kipimo cha shamba, na majani yake ni ya mwenye ardhi au ya aliyepewa rasmi kuyakata. Akina mama, ambao kwa mila zetu za hapa ardhi hupitia kwenu, neno lenu katika hili lina uzito kuliko langu.

Nyasi zipandwe vuli ikishakolea, si mvua ya kwanza. Vipando vya mabingobingo vikatwe kwenye shina lililokomaa, kila kimoja pingili tatu, mbili zifukiwe kwa kulaza mshazari, moja ibaki juu. Mistari miwili ya kwanza ibanwe, hatua moja au pungufu kati ya shina na shina, kwa sababu ndiyo itakayopigwa na maji. Mbuzi na ng'ombe wasiingizwe humo hata siku moja, wakatiwe. Wenye mashina ya zamani ya mabingobingo na Guatemala naomba wabaki baada ya mkutano, ili katibu aandike nani ana vipando na nani anavihitaji. Tutaanza na vijito vya juu.